Bodaboda wana chama, mwalimu wa kwaya je?

Hebu nikuulize swali rahisi. Unaijua stage ya bodaboda iliyo karibu na kwenu? Bila shaka. Pale pana mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Pana daftari lenye majina ya wote wanaoruhusiwa kubeba abiria hapo. Mmoja akianguka na pikipiki, wenzake wanachanga. Mmoja akishikwa kwa kosa lisilo lake, wenzake wanajaa kituoni kabla hata mamake hajapata habari. Na anayetaka kujiunga anajua ada ni pesa ngapi na wa kumwona ni nani.

Sasa mtafute mwalimu wa kwaya wa mtaani kwenu. Yule anayewapanga watu arobaini kila Jumamosi alasiri, soprano huku, besi kule, na sauti ya tatu anaimba mwenyewe kwa sababu wenyewe bado wako kwa jam. Muulize: "Mwalimu, wewe uko chini ya chama gani?" Atacheka kwanza. Halafu atakwambia yuko chini ya padri, au chini ya mwalimu mkuu, au chini ya Mungu peke yake.

Hapo ndipo penye shida yetu. Kenya ina waimbaji wengi na wazuri. Pita Kayole, Kawangware, Likoni, Nyalenda au Langas Jumapili asubuhi uone kama utamaliza mita mia mbili bila kusikia watu wakipasua sauti nne. Lakini kila kwaya iko kivyake, na kila mwalimu anahangaika kivyake. Tunahitaji chama cha kitaifa cha kwaya na walimu wa kwaya, chenye katiba, kadi na matawi katika kaunti, chama ambacho mwimbaji wa kawaida wa mtaani anakijua kwa jina. Na wa kukianzisha ni wewe kijana unayeimba. Ukingoja serikali ikufanyie, utangoja hadi sauti ikauke.

Si tamasha tunazo?

Najua utaniambia, "Si tunayo Music Festival? Si kuna PPMC?" Ni kweli, na tuzipe heshima yake. Tamasha za muziki nchini zilianza mwaka 1927, kumaanisha zinakaribia miaka mia moja. Chuo cha muziki cha Nairobi, Kenya Conservatoire of Music, kilianzishwa mwaka 1944. Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki, hiyo PPMC, iliundwa mwaka 1988. Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga, ilirekodi Missa Luba na albamu hiyo ikatolewa na kampuni ya Philips mwaka 1990. Januari 2009, vijana wa Kenyan Boys Choir walikuwa Washington wakati Barack Obama anaapishwa, na dunia ikawasikia.

Tukirudi nyuma zaidi, hata wimbo wa taifa ulitoka kwa watu waliokaa meza moja. Walikuwa watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Walichukua wimbo wa kubembeleza mtoto wa jamii ya Wapokomo, waliopewa na Mzee Meza Morowa Galana, wakaupanga ukawa wa nchi nzima kabla ya uhuru wa 1963. Kwa hivyo kuungana kwa ajili ya muziki si jambo geni kwetu.

Lakini angalia vizuri. Tamasha kazi yake ni kupanga mashindano. Agosti ikiisha, imeisha, mkutane mwaka ujao. PPMC ni ofisi ya serikali, na ofisi ya serikali inamsikiliza anayeipa bajeti. Conservatoire ni shule, unalipa karo unafundishwa. Katika tamasha wewe ni mshiriki. Kwa tume wewe ni mgeni. Shuleni wewe ni mwanafunzi. Ni katika chama peke yake ambapo una kura, unaweza kusimama kwenye mkutano wa mwaka na kuuliza pesa zilienda wapi, na unaweza kumtoa mwenyekiti.

Kombe limetufanya wapinzani

Sasa niseme jambo ambalo wengi wetu tuliopitia tamasha hatupendi kulisema. Tamasha imetufundisha kuimba kuliko kitu kingine chochote nchini. Unaanza kaunti ndogo, unaenda kaunti, unaenda eneo, unafika fainali za kitaifa, na ukibahatika unaimba mbele ya Rais. Mtoto wa shule ya kijijini anajifunza kusimama wima, kupumua vizuri na kumwangalia mwalimu wake machoni. Hakuna wa kudharau hilo.

Lakini kwa miaka yote hiyo tumefunzwa kushindana, na hakuna aliyetufunza kuungana. Mwalimu akipata mpangilio mtamu wa wimbo wa Kitaita au wa Kiluhya, anauficha kama mtihani wa KCSE. Kwa nini ampe jirani na watakutana jukwaani wiki ijayo? Baada ya mashindano, ile karatasi inaingia kwenye faili, faili inaingia kabatini, na kabati linafungwa. Mwalimu akihamishwa, wimbo umeenda naye au umeliwa na mchwa.

Hata yale maoni ya majaji huishia hapo. Jaji mwenye ujuzi wa miaka thelathini anakuandikia mistari michache: besi zinashuka, maneno hayasikiki. Unasoma ukiwa na hasira kwa sababu umekosa nafasi ya kwanza kwa alama moja. Mtu huyo huyo angekuja kwenye warsha ya siku moja mjini Nakuru au Kisumu, hakuna alama wala kombe, akae na walimu ishirini awaonyeshe namna ya kuzuia besi zisishuke, je, si kila mmoja angerudi kwake na kitu? Chama cha kwaya ni mahali ambapo mpinzani wako wa Julai anakuwa mwenzako wa Septemba.

Na wewe uliyemaliza Form Four je? Ulipewa vyeti vya tamasha, mama akaviweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ukaja Nairobi. Sauti unayo, solfa unaisoma, lakini humjui mtu. Kwaya gani ya mtaani inachukua waimbaji? Inafanya mazoezi siku gani? Nani anaifundisha? Hakuna orodha. Unaokolewa na bahati tu, umpate rafiki wa rafiki. Wengi hawaokolewi, na ile sauti iliyolelewa miaka minne inabaki ya kuimbia bafuni.

Hustle ya mwalimu wa kukodiwa

Kuna kijana mmoja ambaye ukiingia shule nyingi kati ya Februari na Julai utamkuta. Hayuko kwenye payroll ya TSC. Ameitwa kwa sababu anajua kupanga sauti. Anapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Makubaliano yalifanywa kwa simu: "Kuja utusaidie, tutakuangalia." Wakati mwingine ni nauli na chakula cha mchana. Wakati mwingine anaahidiwa kitu kinono iwapo kwaya itafika fainali za kitaifa. Kwaya ikitolewa kwenye kaunti, ahadi nayo inatolewa pamoja nayo.

Kijana huyu akashtaki wapi? Hana mkataba. Hana barua. Hana hata ujumbe wa WhatsApp unaotaja kiasi. Na akikataa kazi ya namna hiyo, kuna mwingine kwenye kona anayeichukua kwa bei ya chini zaidi. Hivyo ndivyo kazi isiyo na chama inavyokwenda: kila mtu anamkata mwenzake bei hadi wote wanafanya bure.

Chama kingeandika mkataba wa kurasa mbili tu, ambao mwalimu yeyote angeupakua kwenye simu: tarehe, idadi ya vipindi, malipo, siku ya kulipwa, na nini kitatokea kwaya ikitolewa mapema. Kingetoa pia mwongozo wa malipo, ili anayeanza ajue kiwango cha chini kisichofaa kushukwa. Hata mwalimu mkuu angefaidika, kwa sababu angejua cha kuweka kwenye bajeti badala ya kuchangisha dakika ya mwisho.

Tena kuna upande wa pili wa jambo hili, nao ni mzito. Mwalimu wa kwaya anakaa na watoto wa wenyewe hadi jioni, anasafiri nao, analala nao safari moja. Mzazi ana haki ya kumjua. Leo mtu anaweza kuharibu mahali pamoja, akahamia shule nyingine muhula unaofuata, na hakuna anayeuliza. Chama chenye daftari la walimu, kinachodai cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI na barua ya mahali ulikotoka kufundisha, kingewalinda watoto na kulinda jina la walimu waaminifu kwa pamoja. Daktari ana leseni, wakili ana leseni. Anayekaa na watoto sitini usiku wa kabla ya mashindano naye ajulikane.

Na hili halingoji. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni sanaa na michezo. Kuna watoto wanaoambiwa rasmi kwamba muziki ni njia ya maisha. Wakifika mwisho wa njia hiyo wapate nini? Kazi ya "tutakuangalia"?

Barabarani

Kwaya ni watu wa safari. Leo ni harusi, kesho ni mazishi, wiki ijayo ni uzinduzi wa albamu kaunti ya tatu. Mnachanga, mnakodi basi au mnaazima la mtu, mnaimba njia nzima.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki Mwingi na jamaa zao lilikuwa likienda harusini. Mto Enziu ulikuwa umefurika. Basi lilijaribu kuvuka, likazama. Watu zaidi ya 30 walikufa. Miaka kumi kabla ya hapo, Mei 2011, kwaya ya Ambassadors of Christ kutoka Kigali, ambayo nyimbo zake zinapigwa hadi kwenye matatu zetu, ilipata ajali ikiwa safarini Tanzania na kupoteza waimbaji watatu.

Sisemi kwamba chama kingezuia mto kufurika. Lakini jiulize maswali ya kawaida tu. Kwaya yenu ikisafiri, kuna mtu anayebaki nyumbani na orodha ya majina na namba za jamaa? Kuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia dereva, "Hapa hatuvuki, tutachelewa harusi"? Mnaangalia kama bima ya gari ni ya kubeba abiria? Mwimbaji akivunjika mguu, hospitali italipwa na nani, ama ni harambee nyingine kwenye WhatsApp?

Kwaya moja ya watu thelathini haiwezi kwenda kwa kampuni ya bima na kupata bei nzuri. Kwaya mia mbili zilizo pamoja zinaweza. Uingereza kuna chama kiitwacho Making Music, kilichoanzishwa mwaka 1935, cha vikundi vya watu wanaoimba na kupiga muziki kwa kupenda tu. Mojawapo ya faida za kuwa mwanachama ni kupata bima. Hawa si waimbaji wa mishahara. Ni watu wa kawaida wanaotoka kazini jioni na kwenda mazoezini, kama wewe.

Nyimbo zisizo na mwenyewe

Fungua simu yako sasa hivi. Kwenye kundi la kwaya kuna picha ngapi za karatasi za nyimbo? Solfa imeandikwa kwa mkono, imetolewa fotokopi ya fotokopi, pembe moja imekatika. Jina la mtunzi liko wapi? Mara nyingi ndilo lililokuwa kwenye ile pembe iliyokatika.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Inampa pia haki ya kutajwa kuwa mwenye kazi. Lakini haki isiyo na mtu wa kuifuatilia ni karatasi tu. Mtunzi wa kwaya haimbwi klabuni wala hapigwi redioni kila saa, kwa hivyo hata mgao wa mirahaba ukija, fungu lake ni dogo au hakuna. Soko lake la kweli ni kwaya zenyewe, na kwaya zenyewe ndizo zinazomnakili bure.

Usiwalaumu waimbaji haraka. Mtu akitaka kununua nakala halali ya wimbo wa kwaya wa Mkenya, aende duka gani? Chama kinaweza kujenga maktaba: mtunzi anaweka wimbo wake, solfa na nota, na rekodi ya kila sauti kwa wasiosoma. Kwaya inalipa kidogo kwa M-Pesa, pengine bei ya soda kwa kila mwimbaji, pesa zinamfikia mtunzi na jina lake linabaki kwenye karatasi. Nyimbo za jadi nazo zingeandikwa zilikotoka: jamii gani, ziliimbwa wakati gani, nani alizipanga. Tangu 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Itakuwa na maana gani ikiwa sisi tunaoziimba hatujui hata ni za nani?

Wenzetu walianza wakiwa wangapi?

Chama cha walimu wa kwaya cha Marekani, ACDA, kilianzishwa mwaka 1959 katika mji wa Kansas City. Waanzilishi walikuwa watu 35. Hao wanatoshea kwenye matatu moja ndefu na wengine wachache kusimama. Mwaka uo huo walianza kutoa jarida lao, na leo wana maelfu ya wanachama, matawi ya majimbo na hata vikundi vya wanafunzi wa vyuo.

Uingereza walitenganisha mambo: Making Music ni ya vikundi, na walimu wana chao, abcd, kilichoanzishwa mwaka 1986, ambacho huwapa mafunzo hata wanaoanza kabisa kuongoza. Ireland waliweka vyote chini ya paa moja tangu 1980, na chama hicho leo kinaitwa Sing Ireland. Juu yao wote kuna shirikisho la kimataifa, IFCM, lililoundwa mwaka 1982, ambalo limeifanya Jumapili ya pili ya Desemba kuwa siku ya kwaya duniani. Kwa Kenya naona mfano wa Ireland unatufaa zaidi. Kwetu mwalimu na kwaya yake ni kitu kimoja, mwalimu akiondoka kwaya inayumba.

Ukitaka kuona kwaya zinaweza kufanya nini zikishikana, mwangalie Mwestonia. Nchi yake ina watu kama milioni 1.3, hawafikii theluthi moja ya wakazi wa Nairobi. Tangu mwaka 1869 wana tamasha la nyimbo ambapo waimbaji elfu thelathini na zaidi husimama pamoja na kuimba nyimbo ambazo kila kwaya imejifunza kwao. Tamasha hilo halikuwaacha hata chini ya utawala wa Kisovieti, na kuimba kwa pamoja kulikuwa sehemu ya safari yao ya kurudisha uhuru mwaka 1991.

Na kuna siku chama kinahitajika kuliko siku nyingine zote. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi yake ya kawaida. Waliofika walikuwa 61. Baadaye 53 walipatikana au walidhaniwa kuwa na korona, na wawili wakafariki. Kuimba kukawa jambo la kuogopwa dunia nzima. Vyama vya muziki vya Marekani vilichangishana pesa kugharamia utafiti wa jinsi pumzi ya mwimbaji inavyosambaa, kisha vikawaambia wanachama wao namna ya kurudi: barakoa, nafasi, hewa, muda mfupi. Kwetu, ibada ziliporejea Julai 2020 watu hawakupaswa kuzidi 100, kwa saa moja tu, na wenye zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Mzee wa besi akabaki kwake. Viongozi wa dini walikuwa na baraza lao la kuzungumza na serikali. Kwaya zilisemewa na nani?

"Vyama vya Kenya ni vya kula pesa"

Hapa najua umeshaanza kutikisa kichwa. Na una sababu. Februari 2022 FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya vurugu za uongozi wa soka, na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kwa jasho lao wakakosa mechi za kimataifa hadi Novemba. Chama cha kukusanya mirahaba ya muziki, MCSK, kimevutana na wanamuziki na Bodi ya Hakimiliki kwa miaka. Kila mmoja wetu anajua angalau chama kimoja ambacho mwenyekiti alinunua gari kabla wanachama hawajapata risiti.

Lakini angalia pia zile chama za kina mama mtaani, za kuzungushiana pesa. Nyingi zimedumu miaka kumi, kumi na mitano, hazina ofisi wala mhasibu wa tai. Zimedumu kwa nini? Kwa sababu kila mmoja anajua kiasi kilichoingia, anajua zamu ya nani, na hesabu inasomwa mbele ya wote. Ugonjwa wa vyama vyetu vikubwa ni giza, na dawa ya giza inajulikana.

Kwa hivyo chama cha kwaya kianze na masharti yasiyopindwa. Pesa zilipwe kwa paybill ya chama, si kwa namba ya mtu. Hesabu zitumwe kwa kila mwanachama kila robo ya mwaka, kwa lugha ambayo mtu wa alto anaielewa. Hakuna kiti cha zaidi ya mihula miwili ya miaka miwili miwili. Nusu ya viti viende kwa walio chini ya miaka 35, na jinsia moja isizidi theluthi mbili, kama Katiba inavyotaka kwenye nyadhifa za umma. Mwanasiasa akitaka kuwa mlezi, alipe ada kama wengine na akae kwenye viti vya nyuma. Na dini isiwe kigezo: kwaya ya kanisa, ya shule, ya chuo, ya kazini na ya mtaani zote ziwe sawa.

Wengine watasema wazee wa muziki hawatakubali. Watakubali wakiitwa kwa heshima na wakipewa kazi inayowafaa. Mzee aliyefundisha kwaya miaka arobaini ana mengi ya kufundisha kwenye warsha. Mpe nafasi ya kufundisha, na wewe uendeshe daftari, tovuti na hesabu. Hiyo ndiyo kazi tunayoijua.

Watu kumi wanatosha

Sasa tuje kwa vitendo. Katiba, kifungu cha 36, inakupa haki ya kuunda chama. Sheria ya Vyama inazungumzia muungano wa watu kumi au zaidi. Kumi tu. Kwaya yenu peke yake inawapita. Mnaandika katiba, mnachagua viongozi, mnapeleka maombi kwa msajili wa vyama, na baada ya kusajiliwa mnafanya mkutano mkuu kila mwaka na kupeleka ripoti. Si uchawi.

Usianze na Kenya nzima. Anza na kaunti yako. Tafuta walimu kumi wa kwaya ambao huwa mnashindana nao, uwanunulie chai, na mkubaliane mambo matatu ya mwaka wa kwanza: daftari la kwaya na walimu wa kaunti, mkataba wa kurasa mbili, na warsha moja isiyo na kombe. Mambo ya bima na maktaba yatafuata mkiwa wengi. Kaunti tano zikifanya hivyo, mna sababu ya kukutana na kuunda chama cha kitaifa kilichojengwa kutoka chini.

Mkishakuwa chama, milango mingine itafunguka. Chini ya Katiba, shughuli za utamaduni ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti hutengeneza bajeti kila mwaka na lazima iwasikilize wananchi. Mwimbaji mmoja akisimama kwenye kikao cha umma aombe ukumbi wa mazoezi, ataambiwa asante, aketi. Chama cha kwaya themanini kikipeleka waraka wenye mihuri themanini, diwani ataomba nakala. Anahesabu kura, huyo.

Kuna Jumapili ya pili ya Desemba inakuja. Katika nchi nyingi kwaya zitaimba pamoja siku hiyo. Chagua ukumbi, uwanja au hata ngazi za soko la kwenu. Zialike kwaya tatu za jirani, zile zilizowashinda na zile mlizozishinda. Imbeni nyimbo mbili ambazo wote mnazijua, taja majina ya waliozitunga, kisha kabla watu hawajatawanyika pitisha daftari waandike jina, kwaya na namba ya simu. Hao ndio wanachama wako wa kwanza.